Mawe Mawili ya Kilwa Kivinje
Somo juu ya ukumbusho wa vita, kwa walimu, wainjilisti na wote wafundishao vijana



Katika miji mingi ya nchi yetu pana jiwe au mnara uliosimamishwa kwa ajili ya watu waliokufa vitani. Twapita karibu nao kila siku tukienda sokoni, na watoto hucheza kivulini mwake, wala hatuulizi ni nani aliyeusimamisha, na kwa nini, na ni nani asiyetajwa hapo. Katika somo hili twataka kuuliza maneno hayo, nasi tumechagua mji mmoja mdogo wa pwani ya kusini, Kilwa Kivinje, kwa sababu mji huo una mawe mawili ya ukumbusho, na kila moja lasimulia habari zake bila kulitaja lile lingine.

Tuliwahi kuwachukua vijana wa kipaimara kwenda kuutazama mji huo. Tulianza kwa mnara wa Wadachi, ndio Wajerumani, tukawaeleza habari za watu wawili wanaokumbukwa hapo. Walipokwisha kusikia, kijana mmoja akatuuliza, "Baba Mchungaji, hawa ni wawili tu. Wengine wote waliokufa wako wapi?" Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile. Somo hili ni jibu letu kwa kijana yule, ingawa limechelewa. Tumeligawanya katika sehemu sita, ili mwalimu aweze kulifundisha kwa jioni mbili au tatu.

1. MJI WENYEWE

Kilwa ni tatu, wala tusizichanganye. Kilwa Kisiwani ni mji wa kale wa masultani, uliotajirika kwa biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala. Magofu yake, pamoja na magofu ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Kilwa Masoko ndiyo makao ya wilaya siku hizi. Kilwa Kivinje iko bara, kaskazini ya hizo mbili, nayo ilisitawi katika karne ya 19, wakati misafara ilipokuwa ikishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa.

Misafara hiyo ilileta pembe za ndovu, nayo ilileta watu. Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa kupita karibu bandari zote za pwani yetu, hata mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alipotia sahihi mkataba wa kukataza watumwa kupelekwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Hata baada ya hapo biashara hiyo haikufa mara moja, bali iliendelea kwa siri na kwa njia za nchi kavu.

Hatulisemi neno hili ili kuutia mji aibu. Twalisema kwa sababu wako walimu wapendao kuanza habari za vita kwa kusema kwamba zamani watu wote walikaa kwa amani, kisha wageni wakaja. Sivyo ilivyokuwa. Kivinje ilikuwa na matajiri na wanyonge wake, na wengine wa wale waliopigana na Wadachi walipigania uhuru wao na mali yao pia, na katika mali hiyo walikuwamo binadamu. Mwalimu asiyewaambia vijana haya, siku moja watayasoma mahali pengine, nao watamwona kuwa aliwaficha.

2. JIWE LA KWANZA: WATU WAWILI WA MWAKA 1888

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuikodisha pwani yake kwa Kampuni ya Kidachi ya Afrika Mashariki, ili kampuni itoze ushuru na kutawala kwa jina lake. Katika mwezi wa Agosti mwaka ule ule watu wa kampuni wakaingia katika miji ya pwani, wakapandisha bendera yao, wakaanza kuamuru. Watu wa pwani hawakuwa wameulizwa. Waliona kwamba nchi yao imekodishwa kama mtu akodishavyo shamba.

Vita vilianza Pangani, na kiongozi wake mkubwa huko alikuwa Abushiri bin Salim. Moto huo ukashuka haraka kuelekea kusini. Mwezi wa Septemba watu wengi wenye silaha wakaingia Kivinje, wakawataka watu wa kampuni waondoke. Kampuni ilikuwa na watumishi wawili mjini, nao ni Gustav Krieger na Heinrich Hessel. Tarehe 24 Septemba 1888 wote wawili wakafa katika ghasia hiyo. Kwa ajili yao ulijengwa mnara ambao mgeni wa Kivinje huonyeshwa hata leo.

Kampuni ikashindwa, ikaomba msaada wa serikali yake. Mwaka 1889 akaja Hermann Wissmann na jeshi la kuajiriwa, na wengi wa askari wake walikuwa Wasudani walioandikwa Misri na watu walioandikwa Msumbiji. Abushiri akakamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwezi wa Mei 1890 zikaja zamu za kusini. Manowari zikaipiga Kilwa kwa mizinga, jeshi likashuka, na baada ya Kilwa zikatwaliwa Lindi na Mikindani. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Kidachi yenyewe ikachukua utawala kutoka kwa kampuni.

Sasa mwalimu awaulize vijana hivi: Katika vita vya pwani vya mwaka 1888 hata 1890, je, ni watu wawili tu waliokufa Kilwa? Jibu wanalijua. Lakini aliyeshinda ndiye aliyekuwa na fundi, na mawe, na ruhusa ya kujenga. Basi akawajengea watu wake. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kuwalilia watu wake, kwa maana Krieger na Hessel nao walikuwa na mama zao. Lakini mnara huo haukujengwa kwa ajili ya kilio peke yake. Ulisimama katika mji uliokuwa na boma, kama kuwaambia wenyeji kwamba damu ya watu wawili imehesabiwa, nayo haikusahauliwa. Damu ya wenyeji haikuhesabiwa na mtu.

3. MWEMBE

Jiwe la pili limewekwa mahali palipokuwa na mti. Watu wa Kivinje huuita Mwembe Kinyonga, na maana ya jina hilo haihitaji kufasiriwa: ndipo Wadachi walipowanyongea watu.

Anayekumbukwa kwanza hapo ni Hassan bin Omari, aliyejulikana kwa jina la Makunganya. Alikuwa mkuu na mwenye misafara katika nchi iliyo nyuma ya Kilwa, na watu wake wengi walikuwa Wayao. Alipoona boma la Wadachi limekaa katika njia ya biashara yake na kudai utii, alikataa. Mwaka 1894 watu wake wakaushambulia mji wa Kivinje, wasiweze kulitwaa boma. Mwaka 1895 Wissmann alirudi nchini, safari hii akiwa gavana, akapeleka majeshi kumtafuta Makunganya. Mwezi wa Novemba akakamatwa. Pamoja naye zilipatikana barua zake, na barua hizo zikafunua kwamba wakubwa kadhaa wa mji wa Kilwa walikuwa wakishauriana naye kwa siri. Makunganya akanyongwa Kivinje, na wengine wakanyongwa pamoja naye.

Angalieni, ndugu, jambo hili la barua. Mara nyingi wazungu waliandika kwamba watu wa pwani walisukumwa tu na tamaa au hasira ya ghafula. Lakini hapa twawaona watu wanaoandikiana, wanaoulizana, wanaopima nguvu zao na nguvu za adui. Walikuwa watu wa siasa. Na barua zao wenyewe zilizowaunganisha ndizo zilizowaletea kitanzi.

Wengine wamesema kwamba mfanya biashara ya watumwa hastahili jiwe. Sisi twasema hivi: jiwe la ukumbusho si cheti cha utakatifu. Makunganya alikuwa mtu wa zama zake, na mikono yake haikuwa safi. Wissmann naye alisema amekuja kukomesha utumwa, na mikono yake ilikuwaje? Vijana wafundishwe kuyabeba maneno mawili kwa pamoja, kwamba mtu huyu alitenda mabaya, na kwamba alikufa kwa kukataa kutawaliwa. Kweli moja haiifuti nyingine.

4. PAMBA NA MAJI

Miaka kumi baadaye mwembe ule ukapata kazi tena. Wasomaji wengi wamesikia habari za vita vya Maji Maji, lakini si wote wajuao kwamba vilianza katika wilaya ya Kilwa, katika vilima vya Matumbi, kaskazini-magharibi ya Kivinje.

Tangu mwaka 1898 watu walikuwa wakitozwa kodi ya nyumba. Kisha, tangu mwaka 1902, Gavana Götzen akaagiza mashamba ya pamba yalimwe chini ya maakida na majumbe. Watu walilazimishwa kuacha mashamba yao wakati wa kupalilia, wakalime pamba ambayo faida yake waliiona kidogo au hawakuiona kabisa. Aliyechelewa alipigwa viboko. Katika nchi ya vilima kama Matumbi, mtu akiacha shamba lake kwa siku chache tu nguruwe na nyani hulimaliza.

Mwaka 1904 alitokea Ngarambe mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale, aliyesemekana kushikwa na pepo Hongo. Alitoa maji ya dawa, na habari zikaenea kwamba anywaye na kunyunyiziwa maji hayo, risasi za Wadachi zitageuka kuwa maji. Watu wa makabila mbalimbali wakaenda Ngarambe kwa makundi. Sisi wahubiri tumezoea kuyacheka maji yale, na kweli hayakumlinda mtu. Lakini tukicheka tu hatutaona kazi yake kubwa: watu ambao jana walikuwa maadui waliunganishwa na neno moja.

Mwezi wa Julai 1905, katika kijiji cha Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba la pamba wakaing'oa miche. Ndiyo ilikuwa alama ya kuanza vita. Kabla ya mwezi kwisha mji wa Samanga pwani ulikuwa umechomwa moto. Kinjikitile mwenyewe alikamatwa mapema, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita vikaenda mbele bila yeye, kwa Wangindo, kwa Wamwera wa nyuma ya Lindi, kwa Wapogoro, hata kwa Wangoni wa Songea.

Vita hivyo viliwagusa Wakristo pia. Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu katika njia ya kutoka Kilwa kwenda Liwale, aliuawa Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikto, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa. Wakristo wachanga wa nchi ile walijikuta katikati: kwa wapiganaji walikuwa watu wa wazungu, na kwa askari walikuwa watu weusi kama wengine.

Wadachi walishinda kwa bunduki za mzinga katika mapigano, na kwa njaa katika nchi. Wakuu wa jeshi waliona kwamba risasi peke yake haitawamaliza watu waliotawanyika msituni, wakaamuru vyakula vichukuliwe, maghala na mashamba yachomwe. Mpaka mwaka 1907 vita vilipokwisha, nchi nzima za Matumbi na Ungindo zilikuwa zimebaki na watu wachache, na tembo wakarudi mahali palipokuwa vijiji.

Sasa tutazame hesabu. Upande wa Wadachi walihesabiwa wazungu 15, askari 73, na wasaidizi 316. Hesabu hiyo ina mpaka wake hata mtu wa mwisho. Upande wa wenyeji, serikali ya Kidachi yenyewe ilitaja watu 75,000. Baadaye mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba walikufa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Kati ya hesabu hizi mbili pana tofauti ya watu 175,000 kwa uchache. Mwalimu asimame kidogo hapa. Hao si watu ambao majina yao yamesahauliwa tu. Ni watu ambao hata idadi yao haikuandikwa.

Ndiyo maana jiwe la Mwembe Kinyonga, na mnara wa Maji Maji uliojengwa Nandete penyewe, ni vitu vikubwa kuliko vionekanavyo. Vyasimama badala ya makaburi yasiyojulikana yalipo.

5. WENYE BUNDUKI NA WENYE MIZIGO

Yako maneno ambayo walimu wengi huyaruka, nasi hatutayaruka. Ni nani aliyefunga kamba pale mwembeni? Ni nani aliyechoma maghala ya Matumbi? Maafisa walikuwa wazungu, lakini mikono mingi ilikuwa ya askari Waafrika. Wengine walitoka mbali, na wengine walikuwa watoto wa nchi hii hii. Katika mji wa Dar es Salaam Wadachi walisimamisha sanamu ya Wissmann, na chini yake wakamweka askari Mwafrika akimtazama juu. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliiondoa sanamu hiyo, ikapelekwa Ujerumani, ikasimamishwa tena Hamburg mwaka 1922. Huko ikakaa mpaka mwaka 1968, wanafunzi walipoiangusha, isirudishwe tena mahali pake. Sanamu nayo ina maisha na kifo, kama watu.

Vita Kuu ile ilipita juu ya pwani hii hii kabla majivu ya Maji Maji hayajapoa. Septemba 1916 Waingereza walishusha majeshi Kilwa na Lindi. Desemba ya mwaka ule palipiganwa sana Kibata, katika vilima vile vile vya Matumbi. Julai 1917 palikuwa na vita Narungombe, nyuma ya Kilwa, na kuanzia tarehe 15 hata 18 Oktoba 1917 vita vya Mahiwa, kati ya Lindi na Masasi, vita vikali kupita vyote vya Afrika ya Mashariki. Upande wa Waingereza peke yao waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Nigeria, waliotoka ng'ambo ya bara letu kuja kupigana na askari Waafrika wa Wadachi. Waafrika waliuana huko Mahiwa kwa ugomvi ambao haukuwa wao.

Nyuma ya kila askari walikuja wapagazi. Gari halikuweza kupita, na mbung'o iliua wanyama, basi chakula na risasi na mizinga vikabebwa vichwani. Waingereza peke yao waliwachukua wapagazi wapatao milioni moja katika nchi zote za Afrika ya Mashariki na jirani zake, na wataalamu wakadiria kwamba karibu 100,000 walikufa, wengi kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa. Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya Askari ambayo iko hata leo. Maandishi yake huwataja wapagazi pia, na hilo ni jema. Lakini fundi hakumchonga mpagazi. Amemchonga mwenye bunduki.

Twaona basi desturi moja katika mawe yote. Mnara wa Kivinje ulimkumbuka mzungu ukamwacha mwenyeji. Sanamu ya Dar es Salaam ilimkumbuka askari, na mpagazi ikampa neno tu. Na hata mawe yetu wenyewe, tuliyoyajenga baada ya Uhuru, huwakumbuka wapiganaji na viongozi. Mama aliyekufa kwa njaa msituni na mtoto mgongoni hana jiwe. Lakini katika wale 250,000 au 300,000, watu wa namna hiyo ndio walio wengi.

6. TUFUNDISHEJE?

Turudi kwa kijana wetu na swali lake. Tulipotoka kwenye mnara siku ile, tulipita karibu na nyumba ya bibi mmoja Mwislamu aliyekuwa akianika dagaa uani. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu, karibuni." Tulipomweleza tulikotoka na tuendako, akasema kwamba babu wa mama yake alichukuliwa wakati wa Maji Maji, akanyongwa pale mwembeni. Kijana wetu akamwuliza kwa haraka, "Ameandikwa wapi, bibi?" Bibi akacheka, akanyosha mkono kumwonyesha mvulana aliyekuwa akishona wavu kivulini. "Yule pale," akasema. "Ndiye mwenye jina lake. Na kabla yake alikuwa nalo mjomba wake, na kabla ya huyo kaka yangu. Hatujaliacha lilale."

Jina lile tuliliandika katika daftari, wala hatulitoi hapa, kwa kuwa ni la jamaa yake. Lakini tuliona aibu kidogo. Tulikwenda kutafuta ukumbusho katika mawe, nao ulikuwa ukishona wavu. Watu wasiokuwa na fundi wala ruhusa ya kujenga waliwakumbuka wafu wao kwa njia waliyokuwa nayo: walimpa mtoto jina.

Hata hivyo jina peke yake halitoshi, kwa sababu mtoto apewaye jina bila habari yake hubeba sanduku tupu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini, wakawauliza wazee waliokuwa wameviona vita vya Maji Maji kwa macho yao, wakayaandika maneno yao. Kwa kazi hiyo tunajua leo mambo ambayo maandishi ya Wadachi hayakuyataja. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii ya kusini, alitoa mchezo wake wa Kinjeketile, na habari zikaingia katika shule. Wazee wale wote wamekwisha kufa. Waliobaki ni wajukuu na vitukuu, nao wanazeeka.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, mahali pa ukumbusho wa Maji Maji, akaomba msamaha kwa matendo ya Wadachi. Neno hilo lilichukua zaidi ya miaka 115 kufika. Lakini aombaye msamaha amwombe nani, na asamehewe na nani, ikiwa wenye kukosewa hawajulikani hata majina? Kuandika majina si kazi ya chuki. Ni kuutayarisha upatanisho uwe wa kweli.

Basi twawashauri walimu na wainjilisti mambo haya manne.

Kwanza, kila usharika utafute jiwe la ukumbusho lililo karibu nao, uandike limesimamishwa na nani, mwaka gani, na kwa ajili ya nani. Msilivunje jiwe la mgeni, wala msiliache bila kulisoma. Mnara wa Krieger na Hessel uendelee kusimama, maana bila huo vijana wasingeuliza wengine wako wapi.

Pili, kila kijana aende kwa bibi yake au babu yake na kuuliza, "Jina hili langu lilikuwa la nani, naye alikufaje?" Aandike jibu, hata likiwa la maneno mawili.

Tatu, msichague majina ya Wakristo peke yao. Katika nchi ya Kilwa na Lindi wengi wa waliokufa walikuwa Waislamu au watu wa dini za wazee wao, na jirani atakayetuona tukiwaandika wafu wake pamoja na wetu atajua kwamba twamhesabu kuwa ndugu.

Nne, yaandikwe pia yasiyopendeza. Kama babu alikuwa askari wa Wadachi, na aandikwe. Kama alikuwa akida aliyewapiga watu viboko, na aandikwe. Daftari la wema watupu halitasadikiwa na watoto wetu.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini watu wa pwani waliona mkataba wa tarehe 28 Aprili 1888 kuwa dhuluma?
2. Barua za Makunganya zatuonyesha nini juu ya watu wa Kilwa?
3. Eleza namna kazi ya pamba ilivyoleta njaa hata kabla ya vita.
4. Hesabu ya wafu wa Wadachi ni kamili, na ya wenyeji ni ya kukadiria. Sababu yake ni nini?
5. Je, mtu aliyetenda mabaya aweza kupewa jiwe la ukumbusho? Jadilianeni, kila mmoja akitoa sababu.
6. Katika usharika wenu, ni nani aliye mzee kupita wote? Mtamwendea lini?

Swali la mwisho lisijibiwe kwa maneno. Lijibiwe kwa miguu, kabla ya masika kuanza na njia kuharibika.